Ndugu Aliyepatikana Ukubwani

Liko swali ambalo huku milimani huulizwa kwa sauti ndogo, maana mara nyingi lagusa aibu ya mtu aliye hai. Mtu amekwisha kuwa mzima, pengine ana mke na watoto, ndipo asikiapo ya kuwa baba aliyemlea siye aliyemzaa, au kwamba anaye ndugu wa tumbo moja katika kijiji kingine ambaye hajamwona kamwe. Je, yampasa kwenda? Na akienda, wale ndugu wana deni gani kwake, naye ana deni gani kwao?

Watu hujibu upesi kwa mithali: Mkana kwao ni mtumwa. Sikatai mithali hiyo, lakini kwanza tuitazame kwa macho ya nchi hii. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Vugha, alipokwisha kufariki katika miaka ya 1860, Wakilindi waligawanyika wakapigana, na watu wengi walitekwa wakauzwa pwani. Hata mwaka 1896 Wakristo wa Ujerumani walifungua makao ya watoto waliookolewa katika utumwa huko Lutindi, katika milima iliyo juu ya Korogwe; ndipo mahali palipogeuka baadaye kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo ipo hata leo. Basi mtoto aliyechukuliwa kabla hajang'oka meno ya utoto, akapita mikononi mwa mabwana watatu wanne, atalijuaje jina la ukoo wake? Huyo hakukana kwao. Kwao kulitwaliwa kabla hajajua kukutaja. Kwa hiyo mithali ile yamhukumu mtu ajuaye kisha akakataa, wala haimhusu ambaye hakuambiwa. Na wengi watafutao ndugu siku hizi ni watu ambao hawakuambiwa.

Sasa jambo laweza kujulikana kwa njia ambayo wazee hawakuwa nayo. Tanzania ilitunga sheria ya vinasaba vya binadamu mwaka 2009, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vinasaba hivyo, yaani alama za mwili ambazo mtoto hupokea nusu kwa mama na nusu kwa baba. Mtu hajiendei tu kupimwa apendavyo. Maombi hupitia kwa mahakama, maafisa wa ustawi wa jamii na wengine waliotajwa na sheria, na ni vema iwe hivyo. Lakini kipimo kitasema, Huyu ni mtoto wa huyu, kisha kitanyamaza. Hakisemi nani aketi wapi nyumbani.

Nionavyo, tukitaka shauri katika jambo hili tumtazame Yusufu. Ndugu zake waliposhuka Misri kununua nafaka, yeye aliwatambua, wao wasimtambue. Hapo ndipo penye fundisho ambalo wasomaji wengi hulipita. Ajuaye kwanza ana nguvu juu ya asiyejua. Aweza kumpendeza, aweza kumvunja. Kwa hiyo deni la upole liko juu yake kwanza, hata ikiwa ndiye aliyedhulumiwa. (Mimi nadhani Yusufu aliwaweka ndugu zake katika hofu muda mrefu kuliko ilivyohitajiwa, lakini hilo ni neno jingine.) Hata saa ya kujifunua ilipofika, aliwatoa Wamisri wote nje, aibu ya ndugu zake isitajwe mbele ya watumishi, ingawa kilio chake kilisikiwa. Tena alipowaleta wakae karibu naye, aliwapa nchi ya Gosheni. Hawakuhamia nyumbani mwake.

Basi wewe uliyepata habari zako, usianze kwa kupiga hodi mchana mbele ya mke na watoto wa baba yako. Mwendee mama yako kwanza, ikiwa yu hai. Pengine alinyamaza miaka thelathini ili wewe ule na kulala chini ya paa la mtu, na siri hiyo aliibeba peke yake. Kumwita mwongo ni rahisi. Muulize, umsikilize, umpe siku.

Kisha ujue ya kuwa nyumba unayoiendea ina hofu yake. Mashamba ya Usambara ni madogo, yamening'inia katika miteremko, nayo yamegawanywa kwa wana hata imebaki vipande. Ndugu mpya akitokea njiani, kabla hajasalimu watu wamekwisha hesabu migomba. Si ubaya wa moyo tu; ni njaa inayokumbukwa. Kwa sababu hiyo mtafutaji na aseme wazi alichojia. Kujua jina la baba, ukoo, makaburi ya wazee, ugonjwa unaofuata jamaa, na nani ambao hawezi kuwaoa kwa kuwa ni dada zake: haya ni haki yake, wala sioni mtu mwenye ruhusa ya kumnyima. Kupendwa si haki. Hutoka kwa mtu apendapo, tena huchelewa. Na shamba lina wazee wake na mahakama zake, lisichanganywe na salamu za kwanza.

Walezi nao wana sehemu yao. Irente, karibu na Lushoto, iko nyumba ya kanisa inayopokea watoto wachanga waliofiwa na mama au walioachwa. Na vijijini kwetu nyumba nyingi zimelea mtoto wa namna hiyo bila kuitwa kwa jina lolote. Yeyote ampokeaye na aandike katika karatasi alitoka wapi, nani alimleta, siku gani, aitunze. Mlezi hudhani karatasi hiyo itamwibia mtoto. Lakini kijana aliyeambiwa kweli na mlezi wake ana sababu ya kurudi kwake. Aliyeisikia kilabuni kwa mlevi hana.

Swali gumu kuliko yote huja siku ya posa. Binti amelelewa na watu wengine, na baba aliyemzaa ametokea akidai mahari. Wahenga walisema, Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kama alimwacha kwa hiari yake, na aje kama mgeni, apewe kiti na chakula, asikie mashauri, mahari asiitaje. Lakini kama mtoto alifichwa asimjue, hakumwacha. Hapo wazee wa pande mbili na waketi pamoja, na kabla hawajanena neno la ng'ombe wala fedha, binti mwenyewe aulizwe ni nani amtakaye amshike mkono siku ya kutoka.