Sare ya Jeshi Katika Majlisi ya Raia: Ivaliwe au Iwekwe?

Kijana wa mji akiingia jeshini akafikia cheo cha uafisa, haupiti muda ila hufikiwa na mwaliko: arusi ya nduguye, karamu ya skuli aliyosomea, au dhifa ya wakubwa wa mji. Hapo hujiuliza: Nivae kanzu na koti kama wenzangu, au nivae ile sare ya heshima, yenye vifungo ving'aavyo, mkanda na nishani kifuani? Wengi huliona suali hili kuwa ni la nguo tu. Sisi twaona kuwa ni suali la tabia, na lastahiki kupimwa.

Kwanza tuitenge sheria. Raia hana ruhusa ya kuvaa sare ya jeshi, na askari mwenyewe hufungwa na kanuni za jeshi lake. Marekani, kwa mfano, kanuni zamkataza askari kuvaa sare katika mikutano ya siasa au katika kazi ya biashara yake binafsi, lakini katika arusi na dhifa za heshima aweza kuivaa. Basi aliyekatazwa hana la kuchagua. Maneno yetu ni na yule aliyeruhusiwa, kwani si kila liruhusiwalo hufaa.

Wenye kupendelea sare wana hoja isiyofaa kudharauliwa. Wasema kuwa nguo ile hakuiokota njiani. Ameipata kwa jasho, na wengine kwa damu. Wazazi wake wana haki ya kumwona ndani yake. Tena, wasema, bwana arusi wa pwani tangu zamani huvaa joho na kilemba, akashika upanga au jambia. Ikiwa upanga wa mzee wetu haukuchukiza, kwa nini uchukize upanga wa kapteni?

Jawabu ni kuwa joho na sare hazisemi neno moja. Joho lasema: huyu ndiye bwana arusi. Kila mwanamume hulivaa siku yake, na asiyekuwa nalo huazima kwa jirani. Kesho yake mwengine huwa bwana arusi, akalivaa yeye. Sare yasema: huyu ni mkubwa, na mkubwa wa kadiri hii. Haiazimwi, wala haiachi cheo mlangoni. Na jambia la mzee halina serikali nyuma yake, lakini sare ni amana ya dola. Anayeingia nayo katika majlisi haingii peke yake. Huingia na dola iliyomvika.

Na tuseme kweli: katika miji yetu wamo watu ambao sare wameijua kwa kugongewa mlango usiku wa msako. Mtu kama huyo akimwona afisa arusini, huenda akainuka kumpisha, na afisa akadhani amepewa heshima. Kumbe amepewa hofu, na hofu si zawadi ya kupeleka arusini.

Wanavyuoni wetu wamezungumza juu ya nguo za shuhura, yaani nguo avaazo mtu ili macho ya watu yamwelekee yeye. Shuhura haimo katika kitambaa. Imo katika nia na mahali. Sare ile ile gwarideni si shuhura, kwa kuwa wote wameivaa. Idi Amin, aliyeingia King's African Rifles mwaka 1946 na kuitawala Uganda toka 1971 hata 1979, alijipa mwenyewe cheo cha Fildi Mashali mwaka 1975, na kifua chake kikajaa nishani. Nani leo amtajaye kwa heshima kwa ajili ya nishani zile?

Mwengine alijua kupambanua wakati na wakati. George Washington, mwaka 1775, alihudhuria baraza la wajumbe wa makoloni huko Philadelphia akiwa na sare ya wanamgambo wa Virginia, ilhali wenzake wamevaa nguo za raia. Vita vilikuwa vimekwisha anza, na nguo yake yasema: niko tayari. Lakini tarehe 30 Aprili 1789, alipoapishwa kuwa Rais katika New York, alivaa suti ya kahawia ya kitambaa kilichofumwa nchini mwake. Haki ya kuvaa sare alikuwa nayo kuliko wote. Ila kazi ya siku ile ilikuwa ya raia.

Mfano wa karibu zaidi ni wa tarehe 17 Aprili 2021, alipozikwa huko Windsor Prince Philip, mume wa Malkia wa Uingereza. Ada ya ukoo ule ni kuvaa sare katika maziko makubwa. Lakini mjukuu wake Harry, aliyepigana Afghanistan, alikuwa ameacha vyeo vyake vya heshima vya kijeshi. Lau wengine wangalivaa, yeye angalionekana kama aliyevuliwa nguo mbele ya jeneza la babu yake. Wanaume wa ukoo wakavaa makoti ya raia na nishani zao, wote sawa. Mwaka 2022, katika maziko ya Malkia mwenyewe, sare zilivaliwa. Harry na ami yake Andrew, aliyepigana vita vya Falklands mwaka 1982, wakafuata jeneza bila ya sare. Magazeti yakashughulika na nani kavaa nini, ilhali aliyezikwa ni mmoja.

Basi mizani ni hii: siku ile ni ya nani? Ikiwa ni siku ya dola, au ya kuwakumbuka askari waliokufa, au ya kumzika mwenzako wa jeshini, ivae, na uivae barabara. Ikiwa ni arusi yako mwenyewe, waulize wazee na umuulize mwenzako, kwani siku hiyo si yako peke yako. Na ikiwa ni siku ya mwengine, arusi yake, msiba wake au sherehe yake, iweke sandukuni, ukakae mkekani pamoja na nduguzo. Sanda haina cheo, na anayekuja kumzika mwenye sanda hapungukiwi kwa kuja bila ya chake.

Wala asidhani afisa kuwa kwa kuiweka ameidharau. Aliye na heshima ya kweli, watu humjua kwa kanzu yake. Na ambaye hawamtambui ila kwa vifungo, ni vifungo vilivyoheshimiwa, si yeye.