Uasili wa Gari na Roho za Abiria

Jahazi likaapo majini miaka mingi, mbao zake huoza moja baada ya moja, mafundi wakazibadilisha, na bado mabaharia huliita kwa jina lile lile. Mwenye gari la zamani hana msamaha huo. Akiondoa kifaa kimoja tu, wapenzi wenzake humuuliza: je, hili ni lile lile?

Swali hilo, tamu barazani, hugeuka ladha kwenye mteremko utokao Mbinga kwenda Mbamba Bay. Mbinga imekaa juu katika milima ya Umatengo, nchi ya kahawa na ngoro. Ziwa Nyasa liko chini, mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na safari nzima haifiki kilomita 70. Zamani, mashimo yenyewe yalipunguza mwendo. Lami imeondoa mashimo, ikaubakisha mteremko.

Land Rover za Series III, zilizoundwa tangu 1971 hadi 1985, zilikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne. Ndani ya dramu, vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga husukumwa nje vikaubana ukuta wake, na mwendo hugeuka joto. Mteremko ukiwa mrefu, joto hukosa pa kutokea. Dramu hutanuka ikavikimbia vipande vile, navyo hupoteza nguvu ya kushika, na mguu wa dereva huzama bila jibu. Diski hukaa wazi kwenye upepo. Jaguar ilishinda mbio za Le Mans mwaka 1953 kwa gari lenye breki za diski, na Land Rover yenyewe ilizifunga magurudumu ya mbele ya One Ten mwaka 1983.

Basi mwenye kung'ang'ania dramu hutetea nini? Hoja yake ina uzito kuliko wadhanivyo wanaomcheka. Husema kuwa breki dhaifu humfunza dereva adabu: hushuka kwa gia nzito, huisikiliza injini, huuheshimu mlima. Aliyepewa diski hujiamini, akakimbia. Hayo ni kweli.

Ila adabu hiyo ina dhamana ya nani? Mtu akiwa peke yake ana haki ya kukigharimia akipendacho. Lakini nyuma amepanda mama anayerudi ziwani na gunia lake la maharage. Hajui kilichomo ndani ya gurudumu, wala hakuulizwa. Uasili anaoulinda dereva unalindwa kwa roho ya mama yule, naye hapati hata sehemu ya fahari.

Wapo wanaokubali kubadilisha, pamoja na pampu ya breki, maana ya zamani aghalabu haiendani na diski. Dramu kongwe huzipaka grisi, wakazifunga kitambaa na kuziweka stoo, zingoje siku ambayo gari litasimama mahali tambarare, litazamwe tu.