Cheni Haina Siku Yake

Cheni ya pikipiki hairefuki kwa kuvutwa, ingawa ndivyo wengi wasemavyo. Chuma chake kinabaki na urefu uleule; kinacholika ni pini na bushi zinazosuguana ndani ya kila kiungo, mahali ambapo jicho halifiki. Cheni ya namba 428, inayofungwa kwenye pikipiki nyingi za bodaboda nchini, ikiwa mpya ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, kwa hiyo nafasi 20 mfululizo zikinyooshwa zinatoa milimita 254. Watengenezaji kadhaa huweka ukomo kwenye milimita 259. Piga hesabu: kila kiungo kimepoteza robo ya milimita tu, na cheni nzima imeshahukumiwa. Huku Ufipa, mkoani Rukwa, kwenye njia za vijijini za Kalambo na Nkasi, vumbi la kiangazi na tope la mvua za Novemba hadi Aprili haviichelewi robo hiyo. Oili chafu inayopakwa kwa sababu ni ya bure hukamata mchanga, na mchanga ukishakolea kwenye oili ni msasa mtupu.

Dalili zipo, na kijiweni hakuna asiyezijua. Shika cheni kwa vidole pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kuelekea nyuma. Ikiachia mpaka nusu ya jino ionekane, imekwisha. Tazama meno yenyewe: jino zima lina mabega mawili yaliyo sawa, jino lililolika limelalia upande mmoja na kuchongoka kama ndoana. Ekseli ya tairi la nyuma imesogezwa hadi alama ya mwisho, na cheni bado inaning'inia. Pengine fundi ameshapunguza kipande ili ipatikane nafasi ya kukaza tena, ujanja usiotibu kitu, maana viungo vilivyobaki vimechoka vilevile. Sproketi ya mbele, yenye meno kama 14 hivi dhidi ya 40 na ushee ya nyuma, huwahi kwisha kwa kuwa kila jino lake hupokea kazi karibu mara tatu zaidi. Na anayenunua cheni peke yake akaacha sproketi za zamani anaikabidhi cheni mpya kwa meno yaliyokwisha kuzoea nafasi pana, haitadumu. Haya ni ya fundi na sibishani nayo. Ninachouliza ni kingine: ni siku gani cheni ilivuka kutoka uzima kwenda ubovu, na ni nani mwenye wajibu wa kuitaja siku hiyo?

Eubulides wa Mileto, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, anatajwa kuwa ndiye aliyelitega fumbo la lundo. Ukiondoa punje moja kwenye lundo la nafaka, lundo linabaki lundo. Ondoa nyingine, bado ni lundo. Endelea hivyo hivyo na utajikuta unaiita punje moja lundo, kwa sababu hakuna punje hata moja ambayo kuondoka kwake kulileta tofauti. Dereva wa bodaboda anaishi ndani ya fumbo hilo. Kama cheni ilifaa asubuhi, safari moja ya kwenda Laela na kurudi haiwezi kuifanya isifae jioni. Kesho vilevile. Kila siku anaposema “bado inasukuma” anasema kweli, na ukizijumlisha kweli zake zote unapata uongo. Wapo wanafalsafa wa siku hizi, kama Timothy Williamson, wanaoshikilia kwamba mpaka upo mahali fulani ila hatuwezi kuujua. Wengine wanasema haupo kabisa. Kwa anayepanda pikipiki, pande zote mbili zinafika palepale. Kama mpaka haupo au haujulikani, basi siku pekee iliyo wazi bila ubishi ni siku ya kukatika, na anayengoja cheni imwambie yenyewe anaingoja siku hiyo, apende asipende.

Kwa hiyo mpaka lazima uwekwe na mtu, tena mapema. Hapa huzuka pingamizi la kwanza: mpaka wa kuwekwa ni wa kubuni tu, kwani kuna tofauti gani kati ya 259 na 258? Hakuna, nakubali. Lakini Katiba yetu inamruhusu raia kupiga kura akiwa na miaka 18, na sidhani kama kuna anayeamini kwamba busara humshukia kijana usiku wa kuamkia siku hiyo ya kuzaliwa. Mstari uliwekwa kwa sababu pasipo mstari mwenye nguvu angeamua kila mara kwa faida yake. Ukomo wa cheni una kazi hiyohiyo: unamwondolea mtu mamlaka ya kuamua upya kila asubuhi, huku njaa ya siku hiyo ikimnong'oneza jibu.

Torati ililiona jambo hili zamani, na inashangaza ni mara chache kiasi gani linahubiriwa. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka paa, asije akaitia nyumba yake hatia ya damu mtu akianguka. Wakati agizo linatolewa hakuna aliyeanguka. Hatia inaanzia kwenye paa lililoachwa wazi. Sheria ya ng'ombe katika Kutoka 21 inakaza zaidi: ng'ombe asiyejulikana kuwa na tabia ya kupiga pembe akiua, mwenyewe hana hatia, lakini akiwa na tabia hiyo tangu zamani, na mwenyewe ameonywa wala hakumfungia, lawama inamgeukia mwenye ng'ombe. Kinachotenganisha ajali na uzembe hapo ni onyo lililotangulia. Ukubwa wa madhara haukuulizwa. Na cheni ni kitu kinachoonya sana: inagonga kifuniko chake, inaruka meno ukiondoka na mzigo, inakaza na kulegea ndani ya mzunguko mmoja. Anayeyasikia hayo ameshaambiwa.

Itasemwa kwamba ajali ni amri ya Mungu, kwamba kila mtu ana siku yake, na kazi yake Mola haina makosa. Simdharau anayesema hivyo msibani. Mara nyingi ndilo neno pekee linalomwezesha mtu kusimama. Lakini ni neno la baada ya tukio, na kulifanya kanuni ya gereji ni kulitumia mahali pasipo pake. Waislamu wanalo jibu fupi katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache amtegemee Mungu. Akaelekezwa amfunge, kisha ategemee. Wakatoliki, ambao ni wengi Rukwa tangu Mapadre Weupe walipofika Karema miaka ya 1880, wanaye Thomas Akwino, aliyeuweka uwezo wa kuona mbele ndani ya fadhila ya busara kama kiungo chake kikuu. Hakuna hata moja kati ya mapokeo hayo mawili linalomwachia Mungu kazi ya kukagua sproketi.

Jibu la pili, la uchawi, ni zito zaidi, na katika mji huu haliwezi kukwepwa. Sumbawanga imebandikwa sifa ya uchawi nchi nzima, mara nyingi kwa mzaha wa watu wasiowahi kukanyaga hapa. Mzaha huo unaficha swali halali. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 kuhusu Wazande, alieleza juu ya ghala la nafaka linaloporomoka na kuumiza waliokaa kivulini mwake. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa ndio waliokula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ileile, juu ya watu walewale. Cheni ikikatika kwenye mteremko wa kushukia Muze, ambapo barabara inaacha nyanda za zaidi ya mita 1,500 kwenda bonde la Ziwa Rukwa lililo karibu na mita 800, swali hilo litaulizwa. Pale dereva anashuka akiitegemea injini imshike kwa gia, na kinachoifikisha nguvu hiyo kwenye tairi ni cheni. Ikikatika anabaki na breki peke yake, na ikijikunja kwenye sproketi tairi linaweza kufunga. Kwa nini yeye, kwa nini leo? Yesu aliwahi kuletewa habari za aina hiyo, akataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Sina jibu bora. Nasema tu kwamba “kwa nini yeye” ni swali moja, na “nani aliwaona mchwa” ni jingine, na la kwanza limekuwa maficho mazuri ya watu wanaopaswa kujibu la pili.

Wafipa wenyewe hawakuyachanganya maswali hayo mawili. Mabaki ya malungu, tanuru ndefu kuliko mtu zilizoyeyusha chuma, bado yanaonekana sehemu mbalimbali za nyanda hizi. Uyeyushaji ulikuwa na dawa zake, miiko yake na kapu la bwana wa tanuru; hata hivyo mabomba ya udongo ya kuingizia hewa yalipangwa kwa ufundi kamili, kwani ilungu kubwa halikuvukutwa, lilivuta hewa lenyewe. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa upya katika tanuru ndogo ya mivukuto. Hakuna dawa iliyoachiwa kazi ya hewa.

Limebaki pingamizi ninaloliogopa zaidi, la umaskini. Dereva wa mkataba hupeleka hesabu kwa tajiri mwenye pikipiki kila siku mpaka pikipiki iwe yake, na spea mara nyingi ni juu yake. Ukimwambia kwamba seti kamili ya cheni na sproketi leo ni nafuu kuliko cheni mbili baadaye, umemweleza hesabu ya mtu mwenye akiba. Fedha ya leo haipo. Je, mpaka wa milimita 259 ni anasa ya wenye nacho? Nadhani umaskini haubadilishi hali ya cheni; unabadilisha anayebeba lawama, na unaisukuma juu. Irudie sheria ya ng'ombe: anayeshtakiwa ni mwenye mali aliyeonywa. Tajiri anayepokea hesabu jioni huku akisikia cheni inagonga uani mwake anafaidi kila siku ya kuahirisha, wala hapandi pikipiki hiyo. Abiria naye, mama mwenye mtoto mgongoni anayetoka zahanati, amekubali hatari za barabara zinazoonekana. Ile iliyofichwa chini ya kifuniko cha cheni hakuulizwa.

Ndiyo maana ukomo ungefaa kutajwa siku ya kukabidhiana pikipiki, kabla njaa haijaingia kati: kipimo kikifika hapa, hesabu za siku kadhaa zinanunua seti. Matajiri wengi watakataa, kwa kuwa vijana wanaosubiri nafasi ni wengi, na sijui namna ya kuwalazimisha. Kwa dereva aliyekataliwa, kilichobaki ni kuchagua safari. Cheni iliyokwisha inaweza kumzungusha taratibu mitaa tambarare ya mjini kwa siku chache, lakini mteremko wa Muze na gunia la mahindi na mtu nyuma, hapana. Msomaji mkali ataniambia nimelirudisha lundo kupitia dirishani, kwamba “siku chache” ni “bado inasukuma” iliyovalishwa upya. Ingekuwa hivyo kama dereva angekuwa bado anadai cheni ni nzima. Huyu ameshasema imekwisha. Kuanzia hapo kila safari anaikubali akijua, na abiria akiuliza anaambiwa.