WALE WANNE WALIOBEBA KITANDA

Somo: Marko 2:1-12



Habari hii ya Kapernaumu sisi sote tunaijua. Mtu aliyepooza aliletwa kwa Yesu na watu wanne. Nyumba ilijaa mpaka mlangoni. Wakapanda juu, wakatoboa paa, wakamteremsha pamoja na kitanda chake. Kila tunapohubiri somo hili tunakimbilia mwisho, pale mtu anaposimama na kwenda zake. Leo tukae na wale wanne. Majina yao hayakuandikwa. Hawakuwa mitume, wala hawakumponya mtu. Kazi yao ilikuwa kubeba. Lakini Marko anashuhudia kwamba Yesu aliiona imani yao.

Kanisa letu lilizaliwa kati ya wagonjwa. Tarehe 6 Aprili 1921, Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi yake Nkamba, habari ilienea, watu wakaacha mashamba na kazi za wazungu, wakaja na wagonjwa wao. Wengi hawakufika kwa miguu yao, walibebwa. Tunawakumbuka walioponywa. Waliobeba tumewasahau.

Nami naungama neno moja mbele yenu. Miaka iliyopita mama mmoja alileta kwetu mtoto wake, ambaye miguu yake haikuwa na nguvu. Tuliomba, tulifunga, tuliimba. Mtoto hakusimama. Yule mama alikuja tena mara chache, halafu akaacha. Sikumfuata. Niliogopa ataniuliza kwa nini Mungu hakujibu. Siku moja tulikutana sokoni, na hakuniuliza neno hilo. Alisema: «Papa pasta, mtoto amekuwa mzito. Nani atanisaidia kumbeba mpaka shule?» Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala.

Ndugu, uponyaji ni wa Mungu. Kubeba ni kwetu. Mungu akichelewa kufanya lake, au akipenda kufanya kwa njia nyingine, sisi hatuna ruhusa ya kuacha letu.

Kwanza, tuondoe neno la ulozi katika vinywa vyetu. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi. Yesu aliikataa hukumu hiyo (Yohana 9). Kuna mtoto aliyeumia wakati wa kuzaliwa, kuna aliyepigwa na malaria ya kichwa. Mefiboshethi alikuwa na miaka 5 tu. Mlezi wake alikimbia vita pamoja naye, akaanguka, akawa kilema miguu yote miwili (2 Samweli 4:4). Ninyi mliokimbilia porini na watoto mgongoni katika vita vya 1996 na vya 1998, hamhitaji mtu wa kuwafafanulia mstari huo. Mtoto kama huyo asifungiwe ndani wageni wanapokuja.

Tazameni mfano wa Andrew Foster, mtu mweusi wa Marekani, aliyezaliwa 1925. Alipokuwa na miaka 11, homa ya uti wa mgongo ilimfanya kiziwi. Masikio yake hayakufunguka tena. Lakini alisoma, na mwaka 1957 akaanza kuwafundisha viziwi kule Accra, Ghana, katika madarasa ya kuazima, wenye kusikia wakisha kurudi nyumbani. Alipokufa katika ajali ya ndege Rwanda, tarehe 3 Desemba 1987, alikuwa amefungua shule zaidi ya 30 katika Afrika, hata katika nchi yetu ilipoitwa Zaïre. Hakungoja majengo.

Nchi yetu nayo ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Tunamshukuru Mungu. Lakini sheria haimvushi mtoto mto kwa mtumbwi wakati wa mvua. Anavushwa na mikono ya watu.

Kitanda kina pembe nne. Kila mmoja ashike moja.

1. Njia. Vijana wenye baiskeli na nguvu, mpelekeni mtoto shuleni asubuhi na kumrudisha mchana.

2. Darasa. Mwalimu ni mmoja. Huyu hasikii, yule hawezi kushika chaki, wa tatu anatoka nje bila kuaga. Mama zetu, kaeni karibu naye: osheni mikono, lisheni asiyeweza kujilisha, msindikizeni anayekwenda chooni, mkiwa wawili wawili.

3. Salongo. Siku ya posho mafundi waende kusawazisha kizingiti, kutengeneza viti, kuziba paa. Mwenye mpunga alete kikapu cha mchele.

4. Ulimi. Tujifunze ishara za viziwi, ili mtoto akija kanisani apate wa kusemezana naye.

Lakini mwulizeni mwalimu kwanza anahitaji nini. Darasa ni lake. Msiende kuwapigia watoto kelele za maombi wakati wa masomo. Na ukisema utakuja siku ya tatu, njoo siku ya tatu. Mtoto aliyekungoja mlangoni bila kukuona ameumizwa mara ya pili.

Tunafundishwa Mapendo, Amri na Kazi. Mapendo yasiyofika kwenye Kazi yamebaki nje ya mlango, kama watu wale walioijaza nyumba, wakamzuilia mgonjwa njia.

Yule mama bado anaishi kati yetu. Leo, baada ya ibada, natafuta watu wanne. Mimi nimekwisha kushika pembe moja. Zimebaki tatu.

Tuombe. Ee Baba, utusamehe tuliowaombea watoto wako na kisha tukawaacha. Uwatie nguvu walimu wao. Utupe mabega, na utupe kudumu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.