ALITUMA MWENYEWE?

Karatasi hii umepewa uwanjani, au njiani, au umeikuta kwenye kiti cha basi la Sumbawanga. Usiitupe, soma kwanza. Hatukuulizi unasali wapi, wala kama unasali. Leo tuna swali moja tu, nalo linahusu kitu ulichonacho mfukoni sasa hivi: simu yako.

Swali ni hili: Mtu akidanganywa kwa simu, akatuma pesa kwa mkono wake mwenyewe, je, ameibiwa?

Usijibu haraka. Maana wapo vijana, tena wenye akili nzuri, wanaosema hapana. Wanasema, "Mimi sikuvunja mlango wa mtu. Sikumshikia panga. Nimeandika ujumbe, basi. Alituma mwenyewe!" Ukiwasikiliza wanavyolisema unaweza kuona kama ni hoja kweli. Tuipime basi, wewe na mimi, bila hasira.

SIFA TULIYOIPATA

Kutuma pesa kwa simu kulianza Kenya mwaka 2007, na mwaka 2008 kukaingia Tanzania. Kabla ya hapo ilikuwaje? Mtu wa Dar es Salaam akitaka kumsaidia mama yake aliyeko Mwimbi, alifunga pesa kwenye bahasha, akampa dereva wa basi au ndugu anayesafiri, akabaki anaomba Mungu ifike. Simu ikaondoa mashaka hayo. Leo mama anakwenda kwa wakala, anataja namba, anaondoka na pesa yake. Jambo jema kabisa!

Lakini mlango ule ule mwizi naye akapita. Mwaka 2024 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ilipotoa takwimu zake za majaribio ya utapeli kwa mikoa, mkoa wetu wa Rukwa ulikuwa juu kabisa, pamoja na Morogoro. Umesikia? Mkoa wa watu wanaolima mahindi, maharage na ulezi, mkoa unaolisha wengine, unatajwa kwa wizi wa simu.

Unajua wenyeji wengi husema jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Miaka mingi mtu wa Ufipa akienda mikoa mingine alitaniwa habari za uchawi na radi. Sasa utani umebadilika. Ukisema natoka Rukwa, mtu anacheka, anashika mfuko wake: "Aa, wale wa tuma kwa namba hii!" Uchawi tuliambiwa tuutupe. Na hiki je, nani atakitupa?

MTEGO UNAMNASA NANI?

Watu husema anayetapeliwa ameponzwa na tamaa. Kwa ujumbe mwingine ni kweli kidogo: "Umeshinda milioni kumi", au "Jiunge upate utajiri". Pale tamaa ipo. Lakini angalia ujumbe ule unaojulikana kuliko yote, unaosema ile pesa itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Hebu fikiri, ujumbe huo unamnasa nani?

Unatumwa kwa namba nyingi bila kujua ni za nani. Asiye na ahadi na mtu anausoma, anacheka, anafuta. Nani basi anatuma pesa? Ni yule aliyekuwa AMEAHIDI kutuma. Ni kaka aliyemwahidi mdogo wake ada. Ni mpangaji aliyemwambia mwenye nyumba, "kesho nakulipa". Ni mtoto aliyesikia mama yake kalazwa, akakopa, akawa anangoja namba ya kutumia. Ujumbe umemkuta pesa iko mkononi na moyo uko tayari.

Umeona? Mtego huo haukamati mtu mwenye tamaa. Unamkamata mtu anayetimiza ahadi! Kadiri mtu anavyokuwa mwaminifu kwa watu wake, ndivyo anavyonasa upesi. Sasa niambie, ndugu yangu, ujanja uko wapi hapo? Mwindaji anayetega njia ya wanaopeleka chakula kwa wagonjwa tumwite nani?

Na lile neno "alituma mwenyewe" linaanguka hapo hapo. Ni kweli, alituma mwenyewe, lakini kwa nani? Alimtumia mama yake. Alimtumia mwenye nyumba. Kwako wewe hakutuma hata senti moja. Mkono ulikuwa wake, lakini njia umeigeuza wewe. Mtu akimwelekeza kipofu kwenye shimo, je, tutasema kipofu alitembea mwenyewe?

BIBI NA KIDOLE CHAKE

Liko jambo lingine, na hili linatisha zaidi. Tangu mwaka 2019 laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole, na mwezi Januari 2020 zile ambazo hazijasajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Lengo lilikuwa kila laini ijulikane ni ya nani. Tapeli naye akafikiri: nitapata wapi kidole kisicho changu?

Akampata bibi. Bibi amekuja sokoni kusajili laini yake moja. Kijana wa usajili anamwambia, "Bibi, weka tena, haijasoma. Weka tena. Weka na cha upande huu." Bibi anaweka, tena anasema asante mjukuu wangu. Ameondoka na laini moja, kumbe nyuma yake zimebaki mbili au tatu kwa jina lake. Zinauzwa. Siku moja mtu wa Mwanza anatapeliwa, anakwenda polisi, jina linaloonekana ni la bibi.

Sasa bibi anaulizwa maswali. Hajui kuandika ujumbe. Mwanza hajawahi kufika. Atajibu nini? Wengine wanaibiwa pesa, yeye kaibiwa JINA. Na jina ndilo alilokuwa analitunza miaka yote, maana mali hakuwa nayo.

KINACHOBAKI BAADA YA WIZI

Hapa ndipo nataka utulie, maana wengi hudhani wizi huu unaisha pesa ikishatolewa kwa wakala. Hauishi. Ndiyo kwanza unaanza.

Kule Marekani wapo wezi wanaotumia kadi za benki za watu. Mwizi anapata namba za kadi, ananunua vitu, mwenye kadi anakuja kushtuka. Kule mwaka 1970 ilipitishwa sheria kwamba kadi ya mkopo ikitumiwa na mtu asiyeruhusiwa, mwenye kadi asidaiwe zaidi ya dola 50. Kwa hiyo mara nyingi pesa inarudi. Hata hivyo mtu hakosi kuwa na wasiwasi. Anakagua akaunti yake asubuhi na jioni. Anajiuliza, nani mwingine ana namba zangu? Kila simu ya benki anaiogopa. Pesa imerudi, usingizi haujarudi!

Kama ni hivyo kwa aliyerudishiwa, itakuwaje kwa mtu wetu ambaye pesa ikishatolewa imekwenda? Chukua mfano wa mama aliyeuza magunia yake ya mahindi, akatuma ada ya mtoto kwenye namba ya uongo. Kwanza anapiga ile namba. Imezimwa. Anapiga tena mara kumi. Kisha anaanza kuogopa nyumbani: atamwambiaje mumewe? Akisema kweli, ataambiwa mjinga. Akinyamaza, ataulizwa pesa kampa nani. Mwizi ameiba ada, lakini ameacha na ugomvi ndani ya nyumba. Na mtoto amebaki nyumbani akichunga ng'ombe.

Halafu mwezi unaofuata inakuja simu ya kweli. Ni mwalimu, tena kweli: mtoto mwingine ameanguka shuleni, yuko zahanati, inatakiwa pesa haraka. Mama anasema, "Hao hao wamerudi!" Anakata simu.

Umeielewa hasara hiyo, kijana? Mwalimu hakumwibia mtu. Mtoto hakumwibia mtu. Lakini wanalipa deni la mwizi. Pesa ukiipoteza unaweza kulima tena, mvua ikinyesha. Kuaminiana kukipotea kunalimwa shamba gani? Kitu hicho hakikuwa cha mama peke yake. Kilikuwa cha wote, kama kisima cha kijiji. Aliyetia sumu kisimani hawezi kusema alikuwa anamtafuta mtu mmoja tu.

Na wewe mwenyewe unakunywa humo humo. Kesho utapata shida ya kweli ukiwa safarini, utapiga simu kwa namba ya kuazima: "Shangazi, ni mimi, nimekwama Tunduma." Shangazi atasema, "Tapeli wewe," atakata. Utamlaumu nani?

"LAKINI MAISHA NI MAGUMU"

Najua. Sitaki kukudanganya kwamba ajira zipo tele. Mbolea ni gharama, bei ya mahindi inaweza kuanguka wakati wewe umekopa, na rafiki yako wa dili amenunua pikipiki kabla hujamaliza palizi. Inauma, tena inauma sana.

Lakini jiulize: yule unayemtumia ujumbe, maisha yake ni mepesi? Humjui. Inawezekana ni kijana kama wewe, yuko Kahama anabeba zege, amekusanya elfu thelathini za kumtumia mama yake. Shida yako ni ya kweli, ila haikupi haki ya kuihamishia nyumbani kwake. Njaa yako haiponi, umeigawa tu.

Na sheria nayo ipo. Tangu mwaka 2015 nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao, na watu wanafungwa. Ila mimi sitaki uache kwa sababu ya kuogopa polisi. Anayeacha kwa kuogopa polisi, polisi wakilala anaanza tena.

KAMA UMETAPELIWA

Kwanza, wewe si mjinga! Aibu si yako, ni ya aliyekuibia. Usinyamaze, maana ukimya ndio kichaka anachojificha tapeli.

Pili, kimbia upesi. Piga huduma kwa wateja, namba 100, waombe wazuie ile pesa kama haijatolewa. Itume namba ya tapeli kwenda 15040. Nenda polisi ukatoe taarifa.

Tatu, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye ofisi ya mtandao huo waifunge. Mkaguliwe na bibi, na babu, na mama. Hiyo ni kazi nzuri ya kijana mwenye simu kwa jioni moja.

Nne, usimfungie kila mtu moyo. Ujumbe wa kutuma pesa ukija, mpigie mwenyewe kwa namba uliyoizoea, usikie sauti yake. Hakikisha, lakini usiache kusaidia. Ukiacha kusaidia, tapeli amekuibia mara ya pili.

KAMA WEWE NDIYE ULIYETAPELI

Wengi tunamjua Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, yule mfupi aliyepanda mti. Alipotubu hakuishia kulia na kuimba. Alitaja hesabu: niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Toba yake ilikuwa na tarakimu ndani yake.

Wezi wa zamani walikuwa na kisingizio. Mwizi wa ng'ombe angeweza kusema, sijui mwenyewe ni nani. Wewe huna kisingizio hicho. Pesa ilipoingia, simu ilikuletea ujumbe: kiasi, saa, na JINA la aliyetuma. Namba yake unaweza kuitafuta. Hakuna mwizi katika historia aliyepewa anwani ya kurudisha kama wewe!

Utasema, nikirudisha nitajulikana. Inawezekana. Sitakuficha kwamba kurudisha kuna gharama, na huenda ukahitaji mtu mzima wa kusimama nawe, mzazi au mzee unayemheshimu, mwende pamoja. Utasema pia, nimeshakula, sina kitu. Basi anza na elfu tano. Vunja hizo laini za majina ya watu. Kazi ya wiki moja shambani inaweza kuwa siku ya kwanza mtu mmoja, mahali fulani, kuanza kuamini tena kwamba simu inaweza kuleta habari njema.

Hakuna mchungaji, wala hakimu, wala TCRA anayeweza kukufanyia jambo hilo. Wanaweza kukufunga, wanaweza kukuombea. Kurudisha kunataka mkono wako mwenyewe.

Uliwahi kusema alituma mwenyewe. Sasa, rafiki yangu, tuma wewe.