Katuni Imekwama Njiani

Hapa Kolwezi, uliyelipia katuni za mwaka mzima kutoka Ufaransa unaijua hasira hii: namba ya nne imefika, ya tatu Mungu ndiye ajuaye iko wapi. Na mkusanyaji halisi hafungui ya nne kwanza, hata umbembeleze. Shaba yetu inavuka mpaka wa Kasumbalesa kila siku kwa malori. Kijitabu cha rangi kinashindwa kupanda!

Wazee wa kampuni ya shaba, Union Minière, walikuwa na gazeti la kampuni, Mwana Shaba, tangu 1957. Baadaye watoto wakapata Mwana Shaba Junior, lenye katuni. Sisi, kwa katuni zetu za Ufaransa, tunampigia simu ajenti wa basi linalozileta.

“Vumilia, baba, mzigo uko Likasi.”

Likasi! Kwa miguu ungekwisha kufika.