Kabla ya Kuuliza "Ni Nani?"

Soma kwa ajili ya somo hili: Kumbukumbu la Torati 13:12–14, 17:6, 19:15–20, Mhubiri 9:5, 6, Luka 9:51–56, 24:36–43, Yohana 9:1–7, 1 Yohana 4:1.

Wazo kuu: Anayedai kujua mambo yasiyoonekana anawiwa na jirani yake uchunguzi wa kweli, kwa kuwa jibu la uongo kuhusu wafu humwangukia mtu aliye hai.

Kata ya Mabamba iko wilayani Kibondo, mpakani mwa Burundi. Hapa, kama ilivyo kwingi katika nyanda za juu za Kigoma, usiku una habari zake. Wazee husimulia juu ya mizimu ya mababu inayorudi kudai ilichonyimwa. Mwaka 2015 maelfu ya ndugu zetu walivuka mpaka wakiikimbia Burundi, wengi wakipitia hapa Mabamba kabla ya kupelekwa kambini. Waliacha makaburi nyuma yao, na wengine waliacha wapendwa ambao hawajui hata walizikwa wapi. Mtu wa namna hiyo akisema kwamba usiku alimsikia mama yake akimwita kwa jina, tusimcheke. Upendo haufi siku ya mazishi, na moyo uliozoea sauti fulani huendelea kuisikiliza.

Vijana wetu nao wana habari zao. Katika simu zao huwaona watu wa Ulaya na Marekani wakiingia usiku katika nyumba zilizohamwa, wakiwa na kamera za kuona joto, vinasa sauti na vipima sumaku, wakisema wanatafuta mizimu kwa njia ya sayansi. Kijana huona kwamba yale ambayo bibi yake aliyasimulia kando ya moto sasa yamepata mashine, na huuliza: "Kumbe ni kweli?"

Swali hilo ni jema, nasi tunalo jibu la Biblia kuhusu hali ya wafu. Lakini liko swali jingine ambalo halipati nafasi ya kutosha katika madarasa yetu: Tukishaamini kwamba mzimu umesema, au kwamba kifo kina mkono wa mtu, nani atalipa?

Swali la Wanafunzi

Soma Yohana 9:1–7. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, hawakuuliza ni nini kilichompata wala afanyiwe nini. Waliuliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Majina ya watuhumiwa yalikuwa tayari. Walichotaka ni kuambiwa wachague lipi.

Yesu hakuchagua. Aliwaondoa wote watatu katika mashtaka, kisha akaanza kazi ya kumponya.

Ndivyo ilivyo hata leo msibani. Mtoto amekufa ghafla, na kabla ya mkeka wa matanga kutandikwa swali limekwisha kupita uani: "Ni nani?" Nani alimtazama vibaya? Nani alikosana na baba yake juu ya mpaka wa shamba? Swali la "ni nini?" lingeweza kutupeleka zahanati, kwenye malaria au nimonia. Swali la "ni nani?" hutupeleka mlangoni pa jirani, na mara nyingi jirani huyo ni mwanamke mzee, mjane, anayeishi peke yake.

Kioo na Kipimo

Hapa Kigoma tunawafahamu kamchape, watu wanaopita vijijini wakidai kufichua wachawi na kufukua hirizi zilizofichwa. Kazi yao haikuanza jana. Katika miaka ya 1930 kundi lililofanana nao lilitoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, likaenea hadi nchi jirani. Audrey Richards, mtafiti Mwingereza, aliandika habari zao mwaka 1935 baada ya kuwaona kaskazini mwa Zambia ya leo. Waliwapanga wanakijiji mstari, wakawapitisha nyuma ya mganga, naye akawatazama katika kioo kidogo ili kumtambua mchawi.

Kioo kile hakikudanganya. Kilionyesha uso wa mtu, kama kioo chochote kinavyofanya. Neno "mchawi" halikutoka kwenye kioo bali lilitoka katika kinywa cha mwenye kioo. Vivyo hivyo kipima sumaku cha wachunguzi wa mizimu hakidanganyi. Sindano yake hupanda ikiwa karibu na nyaya za umeme au simu, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Neno "mzimu" huongezwa na aliyeishika mashine. Chombo hakimfanyi mtu kuwa mchunguzi wa kweli. Mchunguzi wa kweli ni yule aliye tayari kuambiwa kwamba alikosea.

Fikiri juu ya mfano mmoja. Mwaka 1921 William Wilmer, daktari wa macho wa Marekani, alichapisha habari za familia iliyohamia katika nyumba ya zamani. Walisikia nyayo usiku, waliona watu wasiokuwapo, waliumwa vichwa, na hata mimea yao ya ndani ilinyauka. Mwishowe iligunduliwa kwamba tanuri la kupasha nyumba joto lilikuwa bovu na lilivujisha hewa ya sumu, ile isiyo na rangi wala harufu inayotokana na moto usiopata hewa ya kutosha. Ni hewa ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Sisi tunaoishi milimani, ambako baridi ya alfajiri huwashawishi watu kuingiza jiko chumbani, tunapaswa kulijua jambo hili. Familia ile ilipona kwa sababu hatimaye mtu aliuliza, "Ni nini?"

Mahali Hofu Inapofika

Mwaka 1995 hofu kubwa ilianza Pemba, ikavuka hadi Unguja na kufika Dar es Salaam. Watu walisema kiumbe aitwaye Popobawa huwajia usiku na kuwadhulumu vitandani. Familia zililala nje kwa makundi, wakikesha kando ya moto. Joe Nickell, mchunguzi wa Marekani, aliona kwamba maelezo mengi yalifanana na hali ambayo Waswahili walikwisha kuipa jina tangu zamani: jinamizi. Akili huamka kabla ya mwili. Mtu hawezi kusogea wala kupiga kelele, huona kifua kimekandamizwa na kuhisi kwamba yuko mtu chumbani. Hali hiyo hupita baada ya muda mfupi, na huwapata zaidi wenye uchovu na waliokosa usingizi. Mtu aliyepatwa nayo hasemi uongo. Ameogopa kweli, lakini ameeleza vibaya chanzo cha hofu yake.

Kosa hilo la maelezo lilimwaga damu. Mjini Zanzibar, katika siku zilezile za hofu, umati ulimuua mtu mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa akili, ukidhani kwamba yeye ndiye Popobawa.

Wala tusiseme hayo ni ya visiwani. Mwezi Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti wilayani Kasulu, watu saba waliuawa kwa kuchomwa moto wakituhumiwa kuwa wachawi. Wengi wao walikuwa wazee. Polisi waliwakamata watu zaidi ya ishirini. Waliowaua hawakutoka nchi ya mbali. Walikuwa watu waliochota maji mto mmoja na marehemu.

Soma Luka 9:51–56. Yakobo na Yohana nao walitaka moto ushuke juu ya kijiji kilichowakataa. Walidhani wanatetea heshima ya Bwana. Bwana aligeuka akawakemea.

Sheria ya Kuchunguza

Huenda mtu atasema, "Lakini torati haikuruhusu mchawi kuishi (Kutoka 22:18)." Ni kweli fungu hilo lipo. Basi na tuisome torati yote. Kumbukumbu la Torati 13:14 linaamuru kwamba hata uvumi wa kosa kubwa kabisa utafutwe, uchunguzwe na kuulizwa kwa bidii. Sura ya 17:6 inakataza mtu kuuawa kwa ushahidi wa mtu mmoja. Sura ya 19:16–19 inasema kwamba shahidi wa uongo apewe adhabu ileile aliyokusudia impate ndugu yake. Chini ya sheria hiyo hiyo kali, mpiga ramli aliyemtaja bibi kizee usiku ndiye angesimamishwa mbele ya waamuzi. Torati haikumpa nafasi umati wenye viberiti.

Ona pia jinsi Bwana alivyofanya mwenyewe. Katika Luka 24:36–43 wanafunzi walidhani wanaona roho. Hakuwataka waamini kwa sababu tu wameogopa. Aliwaonyesha mikono na miguu, akawaruhusu wamguse, akala samaki mbele yao. Kweli haikuogopa kuguswa. Kinachokataa kupimwa, kinachotaka giza, haraka na malipo, kinatupasa kukitilia shaka.

Je, Ikiwa Roho Amesema Kweli?

Tusikwepe sehemu ngumu. Tunaamini kwamba Shetani yupo na kwamba huweza kujifanya mtu aliyekufa. Si kila jambo ni jinamizi au moshi wa mkaa. Basi tuseme kwamba safari hii ni roho kweli, na ametaja jina la jirani yako. Je, jambo limebadilika?

Halijabadilika. Mhubiri 9:5, 6 hutuambia kwamba wafu hawajui neno lolote, na kwamba hata chuki na wivu wao umekwisha. Marehemu hana kisasi cha kudai wala hana mshtakiwa wa kumtaja. Kama si marehemu, basi aliyesema ni yule ambaye Yesu alimwita baba wa uongo (Yohana 8:44), na ambaye Ufunuo 12:10 humwita mshitaki wa ndugu zetu. Ni mahakama gani itakayompokea huyo kuwa shahidi? Ikiwa mpiga ramli amedanganya, jirani yako hana hatia iliyothibitishwa. Ikiwa pepo amesema kweli kupitia kwake, bado jirani yako hana hatia iliyothibitishwa. Njia zote mbili hufika kwenye mlango uleule, na mlango huo hatuna ruhusa ya kuuchoma.

Kwa hiyo kuyajaribu maroho, kama 1 Yohana 4:1 inavyoagiza, ni zaidi ya kulinda mafundisho yetu yasichafuke. Ni kumlinda mama mzee wa nyumba ya tatu.

Kulitenda neno hili kuna gharama. Kamchape wakifika na kijiji kikikusanya mchango, atakayesema "mimi sitoi" atatazamwa. Atakayesema "ngojeni, tuulize kwanza zahanati" ataulizwa kwa nini anamtetea mchawi, na kesho huenda jina lake likatajwa. Ndiyo maana neno hili halifai kuachwa liwe la mtu mmoja. Kanisa zima likiamua mapema, kabla ya msiba, kwamba hatuchangi, hatutaji jina, tunampeleka mgonjwa hospitali, na tunakwenda kuketi na anayetuhumiwa mchana kweupe watu wakiona, mzigo huo hubebeka.

Maswali ya Kujadili

1. Katika msiba wa mwisho ulioudhuria, ni swali gani lililoulizwa kwanza: "ni nini?" au "ni nani?" Nani aliathirika kwa swali hilo?

2. Tunawezaje kumfariji mtu anayesema amesikia sauti ya marehemu wake, bila kumdharau na bila kumthibitishia kosa?

3. Linganisha kioo cha mganga na mashine za wachunguzi wa mizimu. Ni kitu gani kinachofanya uchunguzi uwe wa kweli?

4. Je, yuko mzee katika eneo la kanisa lenu ambaye watu humnong'ona? Darasa lenu litamtembelea lini, na nani atakwenda?